Hazina Iliyofichwa Shambani: Ukiwa na Ditekta, Uanzie Wapi?



Wapendwa vijana, somo la leo limetokana na swali nililoulizwa nikiwa kwenye mwaka wangu wa kichungaji, huko kanda ya Ziwa. Jumapili moja baada ya misa, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni chini ya mwembe, akaniambia kwa sauti ya chini: "Frateri, nimenunua ditekta. Sasa nianzie wapi?"

Kwa asiyeifahamu, ditekta ni ile mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara huku chini. Unaipitisha juu ya ardhi, na ikihisi metali inalia. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia sana. Yake ilikuwa imeshatumika. Aliinunua kwa pesa ya mbuzi wawili aliowauza, na iliyobaki alikopa kwenye kikoba kwa jina la mama yake. Kwa hiyo halikuwa swali la mchezo. Mama alikuwa na marejesho ya kila wiki.

Na kumbe eneo alishalichagua. Alitaka tu nimuunge mkono. Nyuma ya kigango cha zamani kuna magofu ya nyumba ya wamisionari, na kando yake kuna makaburi. "Wazee wanasema Mjerumani aliacha mali pale. Twende usiku, wewe watu hawatakuuliza."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkemea palepale. Hapana. Nilimwambia "ngoja nifikirie," na usiku ule nililala nikipiga hesabu. Kigango kinahitaji bati. Wanakwaya hawana kinanda. Nikajiambia kwamba ile ni mali ya Kanisa, na mimi ni wa Kanisa, sasa kosa liko wapi? Siku mbili nzima nilikuwa mwizi kichwani, tena mwizi mwenye nia njema. Ndiyo maana nawaandikia. Swali la "nianzie wapi" linaonekana la kiufundi, lakini kabla halijafika kwenye udongo linapita kwanza moyoni.

NENO: MATHAYO 13:44

Sote tunaujua mfano huu. Mtu anakuta hazina imefichwa shambani. Anaificha tena, anakwenda kwa furaha, anauza vyote alivyo navyo, analinunua shamba lile. Yesu anausema kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni, na tunapouhubiri tunakazia ile furaha na kule kuuza vyote. Ni sawa kabisa.

Lakini jiulize: kwa nini alinunua shamba? Hazina alishaiona. Hakuna aliyemwona. Angeweza kurudi usiku na gunia.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona jambo hilo. Katika Summa Theologiae (II-II, swali la 66, kifungu cha 5), anapozungumzia wizi, anapanga vitu vinavyookotwa katika makundi matatu. Kwanza, vitu ambavyo havijawahi kuwa na mwenyewe, kama vito vinavyookotwa ufukweni: hivyo ni vya aliyeviona. Pili, hazina iliyozikwa zamani mno hata mwenyewe hajulikani tena: nayo ni ya aliyeiona, ila ikiwa ndani ya shamba la mtu, sheria inamtaka ampe mwenye shamba nusu. Hapo ndipo anapomtaja yule mtu wa Injili. Alinunua shamba ili awe na haki ya kuimiliki hazina yote. Tatu, vitu vilivyopotea juzijuzi, ambavyo mwenyewe yupo na huenda anavitafuta. Hivyo ukiviokota kwa nia ya kuvirudisha si wizi, ila ukivificha ili viwe vyako, umeiba.

Basi mtu wa mfano alikuwa na furaha kubwa na bado akafuata haki. Mwenye furaha ya kweli hahitaji giza. Pale kwenye mwembe, neno "usiku" ndilo lilipaswa kunishtua kabla ya neno "makaburi".

HADITHI YA NYUNDO

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkoa wa Suffolk nchini Uingereza, mkulima aitwaye Peter Whatling alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mstaafu mwenye ditekta, amsaidie kuitafuta. Lawes hakwenda kutafuta utajiri siku ile. Alikwenda kutafuta nyundo ya rafiki.

Mashine ikalia. Alipochimba kidogo akaona sarafu na vijiko vya fedha. Na hapa ndipo nampenda mzee huyu: alipoona ni kitu kikubwa aliacha kuchimba, taarifa ikatolewa kwa wenye ardhi na polisi. Wataalamu wa mambo ya kale wakaja, wakachimba kwa utaratibu. Zilipatikana sarafu karibu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na mapambo ya dhahabu na vyombo vya fedha vya mwisho wa enzi za Warumi. Kwa kuwa vingi vilibaki kama vilivyozikwa, wataalamu waliweza kuona hata namna vilivyopangwa ndani ya sanduku. Serikali ilitoa zawadi ya pauni milioni 1.75, na Lawes akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana. Leo iko British Museum, London, pamoja na hazina yenyewe.

Nchi hiyohiyo, mwaka 2015, wanaume wawili wenye ditekta walipata hazina ya enzi za Waviking karibu na mji wa Leominster. Hawakumwambia mwenye ardhi wala serikali. Waliificha na kuiuza kidogokidogo. Mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani na wakafungwa miaka mingi. Sarafu nyingi hazijaonekana mpaka leo.

Mashine zilikuwa za aina moja, na udongo ni wa kisiwa kimoja. Tofauti ilikuwa katika uhusiano wao na mwenye shamba.

SASA, UANZIE WAPI?

Nilimrudia yule kijana siku ya tatu. Nikamwambia ukweli wangu, kwamba na mimi nilitamani. Akacheka. Kisha tukakaa tukapanga. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na nadhani yatamfaa yeyote anayeanza.

1. Anzia nyumbani kwenu.

Uwanja wa nyumbani ndiyo shule ya kwanza. Ditekta hurusha mawimbi ya sumaku ardhini. Yakikuta metali, ile metali nayo inarudisha mawimbi yake, na mashine inayageuza kuwa sauti. Sauti ya msumari si sauti ya sarafu, lakini sikio lako bado halijui. Kwa hiyo zika mwenyewe sarafu, msumari, kizibo cha soda na kipande cha kopo, kila kimoja mahali pake: sentimita 5, 10, 15. Weka alama. Kisha pitisha sahani taratibu, karibu na ardhi, bila kuinua mkono mwishoni kama anayefyeka nyasi. Sikiliza. Rudia.

Mashine nyingi za kuanzia zinaisikia sarafu moja mpaka sentimita 15 au 20 hivi, siyo zaidi sana. Anayekuambia mashine yake ya bei nafuu inaona mita tatu chini, anakuuzia ndoto. Tena udongo mwekundu wenye chuma nyingi, kama ulivyo sehemu nyingi za kwetu, unaweza kuiliza mashine bure mpaka ujifunze kuirekebisha. Makosa hayo ni bora uyafanye kwenu, ambapo shimo ni lako na aibu ni yako.

2. Nenda pale watu walipopoteza vitu, na ukaombe ruhusa.

Vitu vidogo vya metali vinaanguka pale watu wanapokaa, wanapovua nguo, wanapohesabu pesa. Uwanja wa mpira. Chini ya mti ambapo zamani palikuwa na gulio. Njia ya kwenda kisimani. Shamba la babu palipokuwa na nyumba ya zamani. Hapo unaweza kukuta senti kumi yenye tundu ya enzi za Mwingereza, au heller ya shaba ya Mjerumani, na vizibo vingi sana vya soda.

Ila kila ardhi ina mwenyewe. Shamba ni la mtu au la ukoo. Uwanja ni wa shule au wa kijiji. Kwa hiyo nenda mchana, bila mashine mkononi, ukabishe hodi. Maneno ni mepesi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa fulani. Nina mashine ya kutambua metali, najifunza. Naomba kupita shambani kwako baada ya mavuno. Kila shimo nitalifukia, na chochote nitakachokipata nitakuonyesha kabla ya mtu mwingine." Akikataa, mshukuru, nenda zako. Akikubali, mkubaliane kabla ya kuanza kitu kikipatikana itakuwaje. Makubaliano ya kabla ya hazina hayagombanishi watu. Ya baada ya hazina, mmh.

Kwa eneo la kijiji, nenda kwa mwenyekiti. Kwa eneo la parokia, nenda kwa paroko, siyo kwa frateri!

3. Ufukweni, pale mchanga ni mkavu.

Kwa ninyi wa Mwanza, Dar, Tanga na Mombasa, ufukwe wa wazi ni mzuri kwa anayeanza: mchanga unachimbika kwa mkono na unajifukia upesi. Kaa kwenye mchanga mkavu kwanza. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme kwa sababu ya chumvi, na mashine nyepesi zinachanganyikiwa hapo. Ufukwe wa hoteli au wa mtu, ruhusa tena. Na kumbuka kundi la tatu la Mtakatifu Tomaso: pete au simu iliyoanguka jana si hazina. Mwenyewe yuko nyumbani analia.

USIENDE HUKU

Makaburini. Hata kama unasikia wamezikwa na pete. Kanisa linatufundisha kuiheshimu miili ya marehemu kwa imani na tumaini la ufufuko (KKK 2300). Wale wanasubiri wito uleule tunaousubiri sisi.

Magofu na maeneo ya kale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Kaole kule Bagamoyo, na hata magofu ambayo hayana kibao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni. Si ukali wa bure. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Baadaye ikajulikana kwamba tano kati yake ni za shaba za masultani wa Kilwa! Zilifikaje huko? Mpaka leo wasomi wanabishana, kwa sababu zilitolewa mchangani bila mtaalamu kuona zimelala pamoja na nini. Kitu cha kale kikitolewa mahali pake bila kumbukumbu, nusu ya habari yake inapotea.

Palipopiganwa vita. Mipakani Kagera kulipiganwa mwaka 1978 na 1979. Mashine haiwezi kukuambia kama kilichopo chini ni jembe au bomu. Ukiona kitu chenye umbo la bomu, usikiguse, ondoka, toa taarifa polisi.

Kutafuta dhahabu bila leseni. Hapa vijana wengi tunajidanganya: "shamba ni la baba, dhahabu ni yetu." Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya jikoni kwenu. Ukitaka dhahabu, anzia ofisi ya Tume ya Madini, au jiunge na wenye leseni. Kuingia usiku kwenye eneo la mwenye leseni ni wizi, na mashimo yale yanaua.

NA ILE MALI YA MJERUMANI?

Nilijua mtaniuliza. Ni kweli Wajerumani walikuwa na dhahabu. Mwaka 1916, wakiwa wamebanwa na vita, walitengeneza kule Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Lakini walizitengeneza ili zitumike, kwa sababu pesa kutoka kwao haikufika tena. Kutoka hapo mpaka kusema kila jiwe lenye alama ya msalaba lina sanduku chini yake, ni safari ndefu sana.

Na katika safari hiyo wamekaa matapeli. Wapo wanaouza ramani. Wapo wanaosema mali ina "mlinzi," na mlinzi anataka kuku mweusi, kisha mbuzi, kisha pesa, kisha jambo ambalo sitaliandika. Hapa Katekisimu iko wazi: uaguzi na uchawi wa namna yoyote unapingana na heshima tunayomdai Mungu peke yake (KKK 2116-2117). Ndugu yangu, ukiambiwa hazina inataka damu, hiyo si hazina. Kimbia.

UKIPATA KITU

Kitu cha mtu aliye hai, kirudishe. Ukiwa ulishakichukua na kukiuza, kutubu bila kurudisha hakutoshi, maana haki inadai mali irudi kwa mwenyewe (KKK 2412). Kumbuka Zakayo, alirudisha mara nne. Kitu kinachoonekana ni cha kale, fanya kama mzee wa Hoxne: acha kuchimba, piga picha, usikisugue, waambie mwenye ardhi na serikali ya kijiji, na muulizeni afisa utamaduni wa halmashauri. Kitu cha kawaida kisicho na mwenyewe, fuata makubaliano yako na mwenye shamba. Na shimo, lifukie. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu, mwaka kesho hakuna atakayekukubalia.

KIJANA WETU ALIFIKIA WAPI?

Alianzia kwa bibi yake. Wiki ya kwanza alipata misumari, vizibo, kisu kilichooza, na senti kumi moja yenye tundu. Bibi aliishika ile senti, akasimulia alivyokuwa akitumwa chumvi akiwa binti mdogo. Yule kijana akaniambia hakuwahi kumsikia bibi akizungumza hivyo.

Kisha mama mmoja wa jumuiya yetu akasikia. Alipoteza pete yake ya ndoa wakati wa kupura maharage, na mume wake ameshafariki. Akaja kuomba. Tulikwenda watu wanne, tukaanza kwa sala fupi ya kumwomba Mtakatifu Antoni wa Padua, tukapita uwanja ule mistari kwa mistari, Jumamosi mbili. Pete haikupatikana. Mpaka leo haijapatikana. Lakini yule mama alitupikia, akakaa nasi, akasema tangu mume wake azikwe hakuna aliyewahi kutafuta kitu kwa ajili yake.

Deni la kikoba bado lipo. Kijana analilipa kwa kibarua, na mara mojamoja anaitwa kutafuta funguo au kufuli, anapewa soda au elfu mbili. Si utajiri. Lakini ananiambia analala usingizi. Na magofu ya wamisionari yapo, nyasi zimeota, na mimi nikipita pale sigeuzi uso tena.

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Kuna jambo ninalotaka kulifanya "usiku" tu? Kwa nini haliwezi kufanyika mchana?
2. Kuna kitu cha mtu kimo mikononi mwangu, nami nimekiita bahati?
3. Ni nani jirani yangu aliyepoteza nyundo au pete, na hajapata wa kumsaidia kutafuta?

TUSALI

Ee Bwana, wewe uliyetuita tuutafute Ufalme wako kwanza, utufundishe kutafuta kwa mikono safi. Utupe ujasiri wa kubisha hodi, uvumilivu wa kusikia "hapana," na furaha isiyohitaji giza. Wale tuliowadhulumu utupe nguvu ya kuwarudishia. Na sisi wenyewe tulipopotea, usichoke kututafuta. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri